Inveta kwenye gari la haibridi: mlio wa usiku ule na majibu ya duka

Nimejizuia siku kadhaa kuandika haya nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka.

Nina Toyota Prius ya toleo la pili, haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme; imechakaa lakini inakwenda. Uzuri wake wakati umeme umekatika ni kwamba ukiiacha taa ya READY ikiwaka, yaani gari liko tayari kwenda, betri kubwa ya volti 201.6 inailisha ile ndogo ya volti 12. Kubwa ikipungua, injini inajiwasha yenyewe, inajaza, inazima. Unafunga inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, kwenye betri ndogo, unavuta waya hadi ndani, basi. Hilo silo lililonifikisha hapa. Gari limefanya kazi yake yote.

Lililonifikisha hapa ni inveta ya wati 1000, ya wimbi safi (umeme wake ni laini kama ule wa ukutani), niliyoinunua kwa sababu moja tu: insulini ya mama. Zile chupa ambazo hazijafunguliwa zinakaa kwenye friji, na kwetu umeme ukiondoka haurudi upesi. Dukani nilieleza hivyo hivyo, kwamba nataka iendeshe friji moja, ndogo. Nikaambiwa itaendesha friji na televisheni na taa zote za nyumba.

Umeme ukakatika usiku, kama kawaida yake. Nikawasha gari, nikabana vibanio kwenye betri, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, taa ya kijani ikawaka. Nikachomeka friji. Kompresa ikatoa mguno mmoja, inveta ikaanza kulia piii piii piii, taa ikawa nyekundu, kimya. Nikarudia. Mguno, mlio, kimya. Nilirudia labda mara nane, na kila mara mama alikuwa anauliza kutoka chumbani, "Imekubali?" Nilipogusa ule waya mwekundu uliokuja ndani ya boksi, ulikuwa wa moto na ganda lake limelegea kama mpira ulioachwa juani. Nikachomoa kila kitu. Tulimaliza usiku tukihamisha chupa kwenye chombo chenye barafu na kuomba Mungu barafu isiishe.

Kesho yake nikairudisha. Sikwenda kupigana, nilikwenda kuuliza. Kijana wa kaunta hakuifungua hata boksi. Akaniambia, mbele ya wateja, "Mzee, gari si jenereta. Umeme huujui, usilaumu mashine." Nikamwambia aipime basi. Akanigeuzia mgongo akaendelea na simu yake.

Gari si jenereta! Toyota waliuza Estima ya haibridi kule Japani mwaka 2001 ikiwa na soketi ya wati 1500 kutoka kiwandani, na baada ya tetemeko la Machi 2011 magari hayo yalitumika kuwapa watu umeme kwenye maeneo yaliyoharibiwa. Mtu anauza inveta kutwa nzima na hajui hilo, halafu mimi ndiye nisiyejua umeme.

Wakati ule hukumu yangu ilikuwa fupi: takataka, msinunue. Ila jirani yangu ni fundi umeme wa magari, na jioni akaja na mita yake. "Bwana mkubwa, tusibishane na duka, tupime." Akapima kwenye betri: volti 13.9. Akapima pale nyaya zinapoingia kwenye inveta wakati kompresa inajaribu kuamka: volti 10.3. Akanyamaza, akaushika ule waya kwa vidole viwili, akasema, "Huu ni wa spika."

Na ndivyo ilivyokuwa. Friji ikishazunguka inakula wati mia na kitu tu, lakini sekunde ile ya kuamka inataka mara nyingi zaidi. Kwenye volti 12, wati 1000 ni zaidi ya ampea 80. Waya mwembamba unakula volti njiani, inveta inaona betri imekufa, inajizima. Inveta yenyewe haikuwa na kosa. Tulifunga waya wa milimita za mraba 25, mfupi tulivyoweza, na fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri. Friji ikaguna mara moja, ikashika.

Kwa hiyo nilitaka kubadilisha maneno yangu, niseme ni inveta nzuri. Na ni nzuri, nakiri. Umeme umekatika tena mara mbili tangu hapo. Mara ya pili mama aliisikia friji ikinguruma akadhani umerudi. Injini ilikuwa inawaka dakika chache, kisha kimya kirefu, usiku kucha. Gari nililiegesha nje, mbali na madirisha, na ninasisitiza hilo kwa kila mwenye gereji: injini hujiwasha bila kukuuliza, na moshi wake unaua watu wakiwa usingizini. Tena usivuke hizo wati 1000, maana kinachoijaza betri ndogo kina kikomo chake, wala usiguse nyaya za rangi ya chungwa, zile zinazobeba umeme wa betri kubwa, hata fundi gani akikushawishi.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kukasirika. Aliyetia waya ule ndani ya boksi alijua boksi limeandikwa wati 1000 juu yake. Ungeshika moto ndani ya gari, mama akiwa amelala, nani angejibu? Kijana wa kaunta? Niliwapelekea waya wao ulioungua ganda, nikauweka juu ya kaunta. Hawakuuangalia.

Inveta nabaki nayo. Nyota moja, na hiyo moja ni ya fundi aliyekuja na mita.