Fonti za bure kwenye duka langu la uchapaji Lamu: uzoefu wangu

Nahodha mmoja wa boti za Mokowe alikuja dukani kwangu, hapa Langoni, ameshika kwa ncha za vidole stika ya nambari ya kulipia nauli niliyomchapia mwezi uliotangulia. Akaiweka mezani. "Mwanangu, hii ni sita au ni nane?"

Ilikuwa sita. Abiria wawili waliisoma nane, nauli ikaenda kwa mtu baki. Nilimlipa pesa zake na kumchapia nyingine bure, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba ile fonti, yaani muundo wa herufi niliochapia, niliipenda. Niliinunua kwenye duka moja la mtandaoni la nje kwa zaidi ya shilingi elfu nne. Mikia ya tarakimu zake ilijikunja kwa madaha, hadi 6 ikakaribia kufunga kitanzi cha juu. Kwenye bango kubwa ilipendeza. Kwenye stika iliyobandikwa ubavuni mwa boti, jua likipiga na maji yakiruka, ikawa fumbo. Na leseni yake ilikuwa ya kompyuta moja tu. Kompyuta ilipoliwa na hewa ya chumvi, nikaambiwa ninunue tena.

Tangu hapo kazi nyingi nazifanya kwa fonti za bure. Ninayoitumia kuliko zote ni Atkinson Hyperlegible Next. Imetolewa na Braille Institute ya Marekani, taasisi inayohudumia vipofu na wenye uoni hafifu, na jina ni la mwanzilishi wake, J. Robert Atkinson. Toleo la kwanza la 2019 lilikuwa na unene wa aina mbili, wa kawaida na koza, yaani nene. Hili la Next, la 2025, lina saba, kwa hivyo tangazo zima, kichwa, maelezo na nambari ya simu, naweza kulipanga kwa familia moja bila kuokota fonti huku na huku.

Wabunifu wa fonti kwa kawaida hutaka herufi zifanane kama watoto wa tumbo moja. Hawa wamefanya kinyume: kila herufi inayoweza kudhaniwa nyingine imepewa alama yake. I kubwa ina vibao juu na chini, l ndogo imepinda mkia, B haikaribiani na 8. Mimi huchapa neno "Ilani" karibu kila wiki, kwa shule na kwa kamati za misikiti, na kwenye fonti nyingi neno hilo huanza na vijiti viwili usivyojua kipi ni kipi. Hapa halina utata hata kwenye karatasi iliyotolewa kopi ya kopi.

Nina mtihani wangu mwingine, ambao sijaona wakosoaji wa fonti wakiutaja: huandika "mng'ao wa ng'ambo". Fonti niliyoinunua ilikiacha kile kiritifaa, alama ya juu ya ng', kikielea peke yake, neno likasomeka kama mawili. Atkinson ilipita. Kwetu kosa hilo si dogo, jaribu kuchapa bango la mnada wa ng'ombe uone.

Sasa kasoro. Sifuri yake ina mstari unaoikata katikati, ili isichanganywe na O. Kwenye nambari ya simu ni jambo jema. Niliuchapia menyu mkahawa mmoja wa pwani, na siku hiyo hiyo mteja akamuuliza mpishi kwa nini bei zote zimefutwa. Wali wa nazi na samaki, 500, sifuri zote mbili zimepigwa mstari! Tangu hapo bei naziandika kwa fonti nyingine ya bure, Inter ya mbunifu Rasmus Andersson, ambayo sifuri yake ni tupu usipoitaka yenye mstari, na ina mpangilio unaozipa tarakimu zote upana mmoja, bei zikashuka kwenye safu zimenyooka.

Herufi za Kiarabu zilinisumbua zaidi. Bi mmoja wa Mkomani aliniletea beti za marehemu babake, Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, daftari limeshaanza kuliwa na mchwa. Kiarabu hakina v, kwa hivyo huandikwa herufi fe yenye nukta tatu. Fonti ya kwanza niliyojaribu haikuwa nayo: neno "ndivyo" likatoka na kijisanduku kitupu katikati. Nikahamia Scheherazade New ya SIL, shirika linaloshughulikia lugha, iliyotengenezwa kwa kuzifikiria pia lugha za Afrika na Asia zinazotumia hati hiyo. Kijisanduku kikaondoka, na alama za irabu zikakaa mahali pake bila kukanyagana. Bi alizisoma zote kwa sauti, kidole kikifuata mstari, akasimama mara moja tu, na kosa lilikuwa langu.

Mabango ya Maulidi ya Mfungo Sita nayafanya kwa fonti ya Amiri. Khaled Hosny wa Misri ameifufua kutokana na naskhi, mtindo wa hati ya Kiarabu wa vitabuni, ya matbaa ya Bulaq, Kairo, ya mwanzoni mwa karne ya 20, na maalim wetu aliyekua akisoma vitabu vya Misri aliikubali bila neno. Inakula nafasi tu: mistari lazima iachane, la sivyo irabu za chini zinaangukia za juu.

Zote nne ziko chini ya leseni ya wazi ya SIL. Unachapa, unauza kazi yako, unaweka kwenye kompyuta ngapi utakazo. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Kadi za harusi bado sijapata ya bure inayoniridhisha. Atkinson kwenye kadi ya harusi inafanana na barua ya benki.

Yule nahodha alipotaka boti ipakwe rangi upya, nilimpa fundi wa majina sampuli ya Atkinson, koza, ukurasa mzima, ainakili kwa brashi. Aliitazama kwa muda, akasema herufi hizi hazina mwendo. Akanakili tarakimu tu. Jina la boti aliliandika kwa mkono wake.