Nakala za "Asubuhi katika Msitu wa Misonobari": kagua ukungu kabla ya kulipa

Mchoro huu wa mchoraji Mrusi Ivan Shishkin wa mwaka 1889, uliomo katika Jumba la Sanaa la Tretyakov, Moscow, unauzwa kwa nakala za kila bei. Nyingi zinaharibikia mahali pamoja: kwenye ukungu wa asubuhi uliochorwa kati ya miti.

Tazama katikati, nyuma ya mti ulioanguka. Katika mchoro halisi mashina yanafifia hatua kwa hatua, kutoka kahawia hadi buluu ya kijivu, mpaka yanapotea. Jua limeshagusa matawi ya juu, bondeni bado ni usiku. Mtoto mmoja wa dubu amesimama juu ya gogo akiukodolea macho ukungu huo, na hapo ndipo utulivu wa picha unapochanganyika na wasiwasi. Printa ikizidisha manjano, asubuhi inageuka jioni. Ikizidisha weusi, ukungu unakuwa ukuta na yule mtoto hana tena anachokitazama.

Dubu wenyewe walichorwa na mchoraji mwenzake, Konstantin Savitsky, ambaye sahihi yake Pavel Tretyakov, mwanzilishi wa jumba hilo, aliifuta baada ya kuununua mchoro. Jaribu kuwafunika kwa kiganja: hisia ya msitu inabaki karibu ile ile.

Ule mti wengi huusoma kama kifo. Tafsiri hiyo haitoshi. Mizizi imeng'oka na shina limevunjika, wala hakuna alama ya shoka. Huu ni msitu ambao binadamu hajaufikia, na watoto wa dubu wameshaugeuza mti huo uwanja wa michezo.

Kuhusu vipimo, mchoro halisi una sentimita 139 kwa 213. Nakala ya 60 kwa 92 iko sawa. Ya 50 kwa 70, inayopatikana sana madukani, hulazimu kukata karibu sentimita 6.6 za upana, au kuibana picha hadi misonobari inakonda. Agiza 46 kwa 70. Turubai ikikunjwa juu ya fremu ya mbao, omba ukingo wa ziada wa sentimita 4 kila upande, la sivyo pembe za picha zinaliwa.

Chagua turubai isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa inafaa tu ukuta usiotazamana na dirisha, kwa kuwa sehemu ya chini ni nyeusi na huakisi kila kitu. Taa yenye rangi ya mwanga ya kelvini 4000 inatosha. Ya 2700 huutia ukungu umanjano hata kama nakala ni nzuri.