Duka la mabomba jirani na soko kuu, Mtwara: unaunga mezani kwanza, unalipa baadaye

Kama una tangi la samaki la kioo na unataka kulitengenezea ovaflo ya bomba, yaani njia ya kutolea maji ya juu, hapa Mtwara mjini, usizunguke sana. Nenda duka la vifaa vya maji lililo jirani na soko kuu, lile ambalo mama mwenye duka anakaa na daftari lake pembeni ya mlango na mabomba yamesimamishwa nje ukutani. Sisemi hivyo kwa sababu ya bei. Bei zao ni zilezile za wengine, na sikupunguziwa hata shilingi. Nasema hivyo kwa sababu kijana wa kaunta alinimwagia elbo zote, vile viungo vya kupindia bomba, mezani akasema, "Panga kwanza mjomba, ukiridhika ndipo tupige hesabu." Duka nililoanzia, hata kugusa tii, kiungo cha njia tatu, kabla ya kulipa ilikuwa kosa.

Mimi ni kinyozi, saluni yangu iko Magomeni, na tangi la futi nne liko pale wanapokaa wateja wanaongoja zamu. Ndani wamo mbuna wa Ziwa Nyasa, wa njano na wa bluu, wagomvi kama nini. Sasa ukinyoa kutwa nzima na feni inazunguka, vinywele na poda vyote vinaishia juu ya maji. Kichujio cha kuzamisha kinavuta maji ya chini, ule utando wa juu kinauacha palepale. Ovaflo inakula maji ya juu: yanamwagikia kwenye mdomo wa bomba, yanashuka hadi tangi la chini lenye sponji, halafu pampu inayarudisha. Kutoboa kioo nilikuwa nimeshakuondoa kichwani. Mafundi vioo niliowauliza walikataa, na wana haki, maana kioo kilichokomazwa kwa moto hakitobolewi; ukikigusa na kekee kinamwagika chote kuwa changarawe. Kwa hiyo bomba lilibidi lipande juu ya ukingo na kushukia nje, na maji yanavuka kwa mvuto ilimradi bomba limejaa bila hewa.

Vifaa si vingi: bomba la inchi moja, elbo saba na tii moja. Elbo mbili zinapinda ndani ya tangi chini ya mdomo, mbili zinavuka ukingo, mbili zinapinda tena kule nje, kisha maji yanapanda hadi kwenye tii. Kichwa cha tii kinaachwa wazi ili bomba lipumue, na elbo ya saba inashusha maji chini. Tii ikae chini kidogo ya mdomo wa ndani, lakini juu kabisa ya yale mapindo mawili. Hapo umeme ukikatika, maji ya tangi yanashuka hadi usawa wa mdomo na kukoma, ila bomba lenyewe linabaki limejaa kwa sababu pande zote mbili zimezama. Umeme ukirudi, pampu inasukuma, maji yanaanza kumwagika yenyewe bila mtu kunyonya kitu. Saluni ikiwa imefungwa usiku, hilo si jambo dogo.

Uzuri wa kuunga mezani ndipo ulipoonekana. Bomba za PVC za inchi moja ziko za vipimo viwili madukani. Ya metriki ina milimita 32 kwa nje, ile ya kipimo cha Kiingereza inakaribia 33.5. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kijana alichukua elbo moja akaichomeka kwenye bomba, akaitikisa karibu na sikio lake, akasema, "Hii inacheza," akaitupa kwenye ndoo nyingine. Akachukua ya pili, ikaingia nusu ya soketi ikagoma. "Hii ndiyo yenyewe, gundi ikilainisha itamalizikia." Alifanya hivyo kwa zote saba na ile tii. Watu nyuma yangu walianza kuguna, yeye wala hakugeuka. Aliniuliza pia kama sikutaka zile bomba za kijani za PPR, nikamwambia hapana, akaafiki haraka: zile haziungwi kwa gundi, zinataka pasi ya kuchomea, na kwenye mapindo ya karibukaribu namna hii utaunguza vidole.

Gundi nayo walinifungulia kopo niione. Ikiwa imeshaganda kama uji wa jana, usiichukue hata kwa bure. Kwenye ovaflo ya aina hii, maungio ya juu ya ukingo hayavuji maji, yanavuta hewa. Hutaona tone hata moja sakafuni, utaona tu kiputo kinakua pale juu, na siku kikijaa maji yanakatika. Hayo ya juu paka gundi pande zote mbili, sukuma huku unazungusha kidogo, shikilia usiachie. Yaliyozama ndani ya tangi mimi sikuyaunga kwa gundi kabisa, ili niweze kuyavua na kuyasafisha.

Sasa lawama zangu. Koki ndogo ya kutolea hewa ndani ya bomba, ili lijae maji, hawana, wala hawajui utaipata wapi. Nilitoboa tundu dogo kwenye elbo ya juu, nikapenyeza mrija wa dripu kutoka duka la dawa, nikaziba kwa silikoni. Ile roda yake ya kubania inafanya kazi ya koki vizuri sana, na hewa naivuta kwa bomba la sindano kubwa. Pili, kuna mzee mmoja pale dukani, sijui ni ndugu au mshauri tu, aling'ang'ana nichukue inchi moja na nusu, eti kubwa ndiyo salama. Kwa tangi la maji la nyumbani ni kweli. Hapa maji yakipita polepole ndani ya bomba pana yanashindwa kuburuta viputo, vinajikusanya pale juu. Shikamoo mzee, lakini hapana.

Tatu, msimu wa korosho usitegemee kupata kitu. Watu wakishalipwa kila mmoja anajenga choo cha ndani, na elbo za inchi moja zinaisha kabla ya bati.

Kabla hujawasha pampu, piga hesabu ya maji, kwa kuwa hilo duka haliwezi kukufanyia. Tangi langu lina sentimita 120 kwa 45, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 5.4. Kutoka mdomo wa ovaflo hadi ukingo nimeacha sentimita nne, yaani lita 21 na ushee. Chumba cha pampu kule chini nimekigawa kibebe lita 18 tu. Bomba likipoteza mvuto siku moja, pampu itasukuma hizo 18 na kubaki inavuta hewa, na sakafu ya saluni itabaki kavu. Mdomoni nimechana mianya membamba kwa msumeno wa chuma, vifaranga wasipite.

Utando haupo tena, na sauti ya maji ni ndogo kuliko ya mashine ya kunyolea. Dukani wanafunga Ijumaa wakati wa sala, na pesa za simu wanapokea. Risiti uiombe mwenyewe, mama atakuandikia bila kununa.