Uzoefu wangu: NVDA, JAWS na mfumo wa mauzo wa duka letu Buguruni

Nashika hesabu za duka la mama mdogo, duka la vifaa vya ujenzi hapa Buguruni, Dar es Salaam, tangu nilipokuwa naona. Presha ya macho ilikuja taratibu, ikala pembeni kwanza, na kufikia mwaka 2019 nilichobaki nacho ni kujua tu dirisha liko upande gani. Duka halikunisubiri. Saruji inashushwa alfajiri, mafundi wanafika saa moja wakitaka nondo na misumari, na jioni lazima mtu aseme leo tumeuza kiasi gani, kimebaki nini na nani anadaiwa. Mtu huyo nilikuwa mimi, na nilitaka niendelee kuwa mimi.

Siku hizi napigiwa sana simu. "Dada, kwa asiyeona programu nzuri ni ipi?" Zamani nilikuwa najibu NVDA, basi. Hiyo ni kisoma skrini, yaani programu inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye kompyuta. Wiki mbili baadaye mtu ananirudia, ameshaiweka, inamsomea WhatsApp na habari vizuri, lakini akifungua mfumo wa kazini kwake haisemi kitu cha maana. Kisoma skrini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwenye hiyo programu unayotaka isomwe, na nusu hiyo ndiyo iliyonila karibu mwaka mzima.

Nianze na NVDA, maana ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Rafiki yangu aliniletea kwenye flashi. Ni ya bure kabisa, na si kwamba baada ya mwezi inaanza kudai hela. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, kisha akaungana na James Teh, naye haoni. Unapoitumia unasikia kwamba walioitengeneza wanaijua hali hii kwa miili yao. Mfano mdogo: unaweza kuiweka nakala yake kwenye flashi ukaenda nayo popote. Nimewahi kuichomeka kwenye kompyuta ya stationari moja Kariakoo, nikafanya kazi yangu, nikaichomoa, na kompyuta ya watu ikabaki ilivyokuwa.

Kazi nyingi naifanya kwa vidole viwili vitatu. Kwenye ukurasa wa intaneti nabonyeza herufi H kuruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, K kwa viungo, E kwa nafasi za kuandika, T kwa majedwali. Ikisema sana naizima kwa Control. Wiki ya kwanza nililia, sifichi, kwa sababu ilisema kila kitu na mimi sikujua cha kuacha. Wiki ya nne nilikuwa naipandisha kasi.

Sauti ina habari yake. NVDA inakuja na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, ambayo ina sauti ya Kiswahili ndani yake, haihitaji bando. Ni sauti ya bati, haina joto la mtu, lakini hata ukiiendesha kasi sana maneno hayamezwi, na kwa mtu anayepitia mistari mia tatu ya mauzo hiyo ni neema. Taabu ni kwamba sisi huku tunaishi kwa lugha mbili. Mfumo umeandikwa Kiingereza, majina ya bidhaa ni Kiswahili. Sauti ya Kiswahili ikikutana na neno Save inatamka "sa-ve", Date inakuwa "da-te". Ukibadilisha kuwa sauti ya Kiingereza, inageuka kuyavunja mabati na misumari mpaka huyatambui. Nilihangaika hadi nilipogundua kwamba NVDA inaruhusu kuwa na mpangilio tofauti kwa kila programu. Sasa nikiingia WhatsApp inazungumza Kiswahili yenyewe, nikirudi kwenye mfumo wa duka inahama kwenda Kiingereza. Kwa bidhaa nilizoea masikio: nikisikia lile neno lililopinda najua ni "milunda".

JAWS, kisoma skrini kingine cha kompyuta, niliitumia siku tano kwenye mafunzo. Hii ni ya zamani zaidi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1989 kwa ajili ya kompyuta za mfumo wa zamani wa DOS, kazi ya Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana mbio za pikipiki kabla hajapoteza uwezo wa kuona kwa ajali ya gari mwaka 1978. Inauzwa kwa leseni. Bila leseni inafanya kazi dakika 40, kisha inabidi uwashe kompyuta upya. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mtaalamu anaweza kuiandikia maelekezo maalumu ili isome programu ngumu ya ofisi fulani. Kama mwajiri wako yuko tayari kulipia, na ofisini kuna mifumo mizito, ichukue kwa mikono miwili. Kwa duka letu niliona fedha ya leseni ni bora iingie kwenye betri ya kulinda kompyuta umeme unapokatika.

Kwa simu natumia TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, na sauti ya Kiswahili ya Google, sina la kuongeza, inatosha. Na kama umekaa kwenye kompyuta yoyote ya Windows ya siku hizi isiyo na chochote, bonyeza Control, Windows na Enter kwa pamoja, Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, itaamka. Imeniokoa mara kadhaa ugenini.

Sasa tuje dukani.

Miaka ya mwanzo nilitumia Excel, na kwa kweli NVDA na Excel ni ndugu. Unasimama kwenye mstari wa vichwa, unabonyeza Insert, Shift na C, na tangu hapo kila ukihama safu inakutajia jina lake: "Bei", "Idadi", "Deni". Lakini duka la vifaa vya ujenzi lina vipimo vya ajabu. Saruji unanunua kwa tani, unauza kwa mfuko. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50. Misumari inaingia kwa katoni, inatoka kwa kilo, na fundi mwingine anataka robo. Bomba linakatwa. Binamu yangu anauza kaunta huku mimi naandika, na jioni faili lake na langu hayafanani. Tulihitaji mfumo mmoja unaopunguza stoku papo hapo na kujua kwamba katoni imefunguliwa.

Kijana wa kwanza alikuja na mfumo ambao kila aliyeuona aliusifia. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo dada," akaanza kumweleza mama mdogo rangi: kijani ni imelipwa, nyekundu ni deni, picha ya kikapu ni mauzo. "Mama, huu hata mtoto wa darasa la tatu anauweza." Nikamwomba aniachie kiti. Nikachomeka flashi yangu, nikabonyeza Tab. NVDA ikasema "batani", yaani kitufe. Tab. "Batani." Tab. "Batani." Kumi na moja, zote hazina jina.

Hapa nieleze, maana wauzaji wengi hawalijui hili na si kwa ubaya. Kisoma skrini hakiangalii picha iliyo kwenye kioo. Kinaiuliza Windows, au kivinjari, "Hapa pana nini?" Nayo hujibu kwa yale aliyoyaandika mtengenezaji: hii ni batani, jina lake Hifadhi, hii ni nafasi ya kuandika, jina lake Kiasi. Akichora kikapu kizuri bila kukipa jina kwa maandishi, jibu linabaki "batani" tupu. Anayeona anaona kikapu. Mimi nina milango kumi na moja isiyo na kibao. Kumpa jina kila kitufe si kazi ya mwezi. Kwenye ukurasa wa intaneti ni maneno machache kwa kila kimoja, na mwongozo wa WCAG, wa kutengeneza kurasa ambazo hata mwenye ulemavu anaweza kuzitumia, uliotolewa na W3C, shirika la viwango vya intaneti, umelieleza jambo hili tangu mwaka 1999.

Nilimwonyesha kwa njia nyingine pia. NVDA ina kitu kinachoitwa pazia la skrini: ukiliwasha, kioo kinakuwa cheusi kabisa, sauti inaendelea. Naliwasha nikifanya hesabu za madeni, ili mteja aliyesimama nyuma yangu asisome deni la jirani yake. Siku ile nililiwasha nikamrudishia kiti, nikamwomba auze mifuko mitano ya saruji. Alikaa kimya muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, sikuwahi kufikiria." Nilimwamini. Aliahidi kurudi, hakurudi, na jina lake silitaji.

Mfumo wa pili ulikuwa mkubwa, wa kampuni ya nje, na ulisomeka vizuri kuliko yote. Vichwa vya habari vipo, majedwali yanatajwa kama majedwali. Ila ulitengenezwa kwa viwanda. Kuuza kilo moja ya misumari kulipita kurasa nne, na kila badiliko lilihitaji mtaalamu wa kulipwa kwa siku. Mama mdogo alisikiliza maelezo yote kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtaalamu akishaondoka, nani anabaki?" Tuliacha.

Wa tatu ndio tulionao. Ni wa vijana wawili wa hapa hapa mjini, unafanya kazi ndani ya kivinjari, na unaendelea kuuza hata intaneti ikikata, kisha unaunganisha rekodi zote ikirudi. Siku ya kwanza haukufaulu. Batani zilikuwa na majina, lakini nikiongeza bidhaa kwenye risiti, NVDA ilirudishwa juu ya ukurasa, nianze kutembea upya kila mara. Nikikosea bei, nafasi ilizungushiwa mstari mwekundu tu. Mimi nabonyeza Hifadhi, kimya, nabonyeza tena, kimya. Na tarehe ilichaguliwa kwenye kalenda ya kubofya kwa kipanya, huwezi kuiandika.

Tofauti ni kwamba hawa walikubali kukaa. Jumamosi moja mmoja wao alivaa hedifoni zangu, akachomoa kipanya, akauza akiwa amefumba macho. Tulikuwa nyuma ya duka, jirani anakata mageti kwa mashine, tunapigiana kelele. Kila alipokwama aliandika. Baada ya siku tisa walirudi: ukiongeza bidhaa unabaki palepale kwenye mstari mpya, ukikosea, kosa linasemwa kwa maneno, "Bei haiwezi kuwa sifuri", tarehe inaandikwa. Binamu yangu, anayeona, alifurahi kuliko mimi, kwa sababu sasa naye anauza bila kugusa kipanya na foleni ya asubuhi inakwenda.

Ukienda kununua mfumo, naomba uufanyie mambo haya kabla ya kutoa hata shilingi ya kianzio. Nenda na kisoma skrini chako mwenyewe, usikubali "tutakuwekea baadaye". Chomoa kipanya. Fanya mauzo ya kweli ya bidhaa yako ngumu kuliko zote. Kwangu ilikuwa robo kilo ya misumari kutoka katoni iliyofunguliwa. Kosea makusudi, usikilize kama mfumo unakwambia. Kisha waambie wakutolee data yote kwenye faili la Excel hapo hapo, kwa sababu siku mkiachana, madeni ya wateja wako yasibaki kwao. Hata kama unaona, fanya hivyo. Unaweza kumwajiri kesho mtu asiyeona, au macho yakakuchosha wewe mwenyewe.

Kuna kitu bado hakijakaa sawa. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ni lazima, na kile kimashine hakizungumzi, kwa hiyo binamu ndiye ananisomea namba. Wale vijana wanaunganisha mfumo na njia ya risiti inayotoka moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kimashine, na hiyo naingoja kwa hamu kubwa. Ripoti ya madeni nayo bado inatoka kama picha. Nikitaka kuisikia nabonyeza Insert na R, NVDA inajaribu kuyatambua maandishi, na huwa inachanganya sifuri na herufi O. Kwenye deni la laki nane kosa hilo si dogo.

Mwezi uliopita nilimhudumia fundi mmoja mwanzo hadi mwisho, mifuko 20 na nondo za milimita 12, peke yangu kaunta, sikio moja kwenye hedifoni, sikio jingine kwake. Alilipa kwa simu, nikasikia ujumbe, nikamwambia salio la deni lake la nyuma kabla hajauliza. Akaniambia, "Ahsante dada," akaenda kupakia. Sijui kama alitambua kwamba sioni.

Kijana wa mfumo anakuja tena Jumamosi kwa ajili ya ile ripoti ya madeni. Nimemwambia safari hii aje na hedifoni zake.