Utambi wa karabai: upi unafaa kununuliwa?
Karabai yangu ni Petromax ya mishumaa 500, yaani mwanga wake hukadiriwa kuwa sawa na wa mishumaa 500, na nimeitumia kwa tambi (vifuko vya kitambaa vinavyotoa mwanga) za aina mbili. Ule wa zamani, uliotiwa madini ya thoriamu, hutoa mwanga mweupe mkali ambao sijauona kwingine, lakini thoriamu ina mnururisho, yaani hutoa mionzi yenye madhara, kwa hiyo vumbi la utambi uliovunjika halifai kuvutwa puani. Ule wa madini ya itriamu hauna hatari hiyo, na ingawa mwanga wake umefifia kidogo machoni pangu, ndio ninaoupendekeza kwa kambi yenye watoto.

Kabla ya kulipa, hakikisha ukubwa unalingana na taa yako, kwa kuwa utambi wa mishumaa 200 haufai kwenye taa ya 500, kisha tazama kama unafungwa kwa uzi mmoja juu au ncha zote mbili. Ufunge mikunjo ikiwa imesambaa sawasawa, kisha uuchome mpaka ubaki jivu jeupe. Baada ya hapo hauguswi tena. Ukitoboka, hata tundu dogo, ubadilishe mara moja, kwani moto unaochomoka hapo huelekea kwenye kioo na kukipasua. Changu kilipasuka hivyo hivyo.