Mpira wa maji ya moto wa lita 2, duka la dawa karibu na soko la Mwanga, Kigoma

Nina endometriosisi. Kwa wasioijua: tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi zinaota nje yake, na hedhi ikikaribia ni balaa. Shirika la Afya Duniani linasema inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake wenye umri wa kuzaa. Mtaani kwetu Katubuka inaitwa kudeka, na dawa yake ni "zaa, litaisha". Nimeshazaa, tena wawili.

Mpira ni mwekundu, mzito, shilingi 15,000. Maji yasiwe yanatokota. Jaza theluthi mbili, ubinye hewa itoke, ndipo ufunge kizibo, kisha uviringishe kanga ili usikuunguze. Mimi nauweka kiunoni, tumboni haunisaidii sana. Maumivu hayaishi, ila yanashuka hadi naweza kusimama nikasonga ugali. Siku ya kwanza bado nameza ibuprofen, nikishakula.

Ila kilichonifanya niandike ni dada anayeuza pale. Nilimuuliza kwa sauti ya chini habari za mafuta ya bangi, maana wifi yangu yuko Uingereza na anaandikiwa na daktari bingwa, kliniki ya kulipia. Kule wameruhusu tangu Novemba 2018, ingawa mwongozo wa hospitali zao za serikali hauyapendekezi kwa maumivu sugu. Na hata yeye, mama mkwe akipiga simu ya video, kichupa anakificha nyuma ya birika.

Sauti ya chini haikusaidia kitu. Mzee aliyekuja kununua Panadol aligeuka mzimamzima, mama mmoja akamvuta mwanaye karibu. Dada wa watu hakucheka wala hakunihubiria. "Dada, sheria yetu ya 2015 inakataza hata kuwa nayo. Na wa mtaani akikuuzia, hujui kaweka nini." Basi. Akahamia kwenye maswali: yanaanza lini, nikienda haja kubwa yanauma? Hilo la haja kubwa hakuna aliyewahi kuniuliza, na zahanati nimezunguka. Akaniambia nimuone daktari wa magonjwa ya wanawake, niende na tarehe zangu za hedhi nimeziandika.

Kasoro zipo. Harufu ya mpira haitoki upesi, na kizibo hawauzi peke yake. Kikipotea, unanunua mpira mwingine. Jumapili hawafungui.