No Escape: niliirudia muvi ya mbio, nikakuta ni muvi ya maji

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena, leo sina salamu ndefu maana hapa kwetu maji leo siku ya nne hayajatoka, bomba la nje nimeliacha wazi na ndoo chini yake, kwa hiyo mkiniona nainuka ghafla msishangae.

Sasa muvi ya leo ni No Escape, ya 2015, najua siyo mpya, wengine mmeiona kwenye vibanda umiza huko imetafsiriwa, ila juzi nimeirudia nikaona kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita kabisa. Stelingi ni Owen Wilson, eeh huyo huyo wa komedi, humu anaitwa Jack, injinia wa Marekani, kampuni yake ya maji imemhamishia nchi moja ya Asia, kaja na mkewe, Lake Bell, na mabinti wawili wadogo. Wanafika, simu hazishiki, TV haionyeshi, wanadhani hoteli tu mbovu. Kumbe waziri mkuu kashauawa, nchi ishapinduliwa. Asubuhi baba anatoka zake kutafuta gazeti, yaani gazeti tu, anajikuta huku polisi na ngao zao, huku waandamanaji wana hasira, yeye katikati kama kuku kaingia barabarani. Na hao waasi wanasaka wageni.

Kuanzia hapo aisee hupumui. Kuna kipande cha juu ya paa la hoteli, waasi wanapanda, njia pekee ni kurukia jengo la pembeni, mama anaruka kwanza, halafu baba anatakiwa amrushe mtoto. Amrushe! Mtoto kamng'ang'ania shingo hataki kuachia. Mimi nilishika kichwa. Ila kosa lao wameweka slo mosheni, ya nini sasa, kitu chenyewe kinatisha tayari mnatupunguzia spidi kama harusi.

Lakini kilichoniuma zaidi ya risasi zote ni kidogo tu, wamejificha, mtoto kabanwa na mkojo, anaambiwa ajikojolee hapo hapo, na anaona aibu. Watu wanakufa nje, yeye anaona aibu kujikojolea. Mwenye mtoto wa umri ule atanielewa.

Pierce Brosnan naye yumo, yule aliyeigiza James Bond kuanzia 1995 mpaka 2002, humu ni Muingereza mlevi mlevi hivi, ana mshkaji wake dereva anayempenda Kenny Rogers, yule mwanamuziki wa country wa Marekani, mpaka anajiita Kenny Rogers. Huyo dereva angekuwa Bongo angekuwa na bajaji Temeke, nakuapia.

Sasa kitu chenyewe. Kuna sehemu wametulia kidogo, Brosnan anamwambia Jack ukweli, kwamba watu kama yeye Brosnan mwenyewe wanaingia nchi za watu, wanawakopesha hela za miradi wasizoweza kulipa, halafu mradi unakuwa wa mkopeshaji. Na safari hii mradi ni maji, na kampuni ni hiyo hiyo iliyomleta Jack. Yaani hasira yote ile mtaani imeanzia bombani! Maelezo hayafiki hata dakika tano, wakarudi kukimbia.

Kwa Mmarekani hiyo ni stori tu. Kwa mtu wa Dar hapana. Mnaikumbuka City Water, ile kampuni binafsi ya maji? 2003 wakakabidhiwa maji ya jiji, mkataba wa miaka 10, ubinafsishaji ulikuwa sharti la Benki ya Dunia, Mei 2005 serikali ikauvunja, kesi zikaenda mpaka nje huko. Sisi yaliishia kwenye makaratasi na mawakili, sawa, lakini ile hasira ya mtu anayelipia kitu hakitoki naijua, ninayo hapa hapa nyuma ya hii kamera.

Ndo maana nakasirika kwamba waasi hawana sura. Wote ni kelele na mapanga, hakuna hata mmoja anayeongea tukamsikia, hata mama mmoja na dumu lake tungeelewa. Na kuna lingine, nchi haitajwi jina, wamepiga picha Chiang Mai, Thailand, lakini kwenye stori ukifuata mto unatokea Vietnam, na ngao za polisi zimeandikwa maandishi ya Kikambodia yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kambodia wakaipiga marufuku. Hebu piga picha unaangalia muvi ya Ulaya, ngao zimeandikwa POLISI kichwa chini, halafu hao polisi wanauawa kama inzi, utacheka au utazima?

Kama bidhaa iko poa, saa 1 na dakika 43, bajeti dola milioni 5 tu na mauzo yakapita milioni 50, hela yao imeonekana. Usiangalie na watoto, kuna damu na kuna kipande cha mama kutaka kubakwa, mimi nilipeleka mbele. Kwa mbio mbio nawapa 8 kwa 10, kwa stori nawapa 5, na hiyo 5 yote ni ya Brosnan na

subiri, subiri, mnasikia? Bomba hilo. Ngoja nikakinge.